Simu ya Bi Kidawa na Sinia Lisilo na Mwenyewe

Hapo zamani, wala msiangalie mbali, si ile zamani ya wanyama kusema bali hii ya juzi, ya simu kusema, paliondokea Muheza mpishi mmoja jina lake Bi Kidawa. Mpishi wa shughuli. Harusi haikuitwa harusi mpaka Bi Kidawa afunge kanga kiunoni na kuinamia sufuria. Wali alikuwa hauonji. Aliinamisha kichwa juu ya mfuniko, akausikiliza mchele unavyonong'ona, akasema, "Epua." Ukiepuliwa, umeiva.

Basi akaugua homa kali. Homa ikaondoka, ikaondoka na masikio yake.

Ikawa taabu. Wakimwambia chumvi, analeta mkaa. Wakicheka, naye anacheka, kisha anamvuta binti yake Zaituni kando na kumuuliza, "Tumecheka nini?" Zaituni alikuwa mwalimu wa chekechea na mama yake hakuwa na mtoto mwingine. Akaona haya hayawezekani, akamnunulia mama yake simu ya kuandika maneno ya watu.

Simu ile ilikuwa ya soko moja la programu lililoitwa Lango. Kila programu iliyotaka kuingia kwenye simu za Lango ilisimamishwa kwanza mlangoni, ikapekuliwa mifuko, ikaulizwa imetoka wapi na inataka nini. Isiyoridhisha ilirudishwa ilikotoka. Wakala wa Lango pale mjini alikuwa Bwana Mhando, mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Bwana Mhando akaweka kwenye simu programu iitwayo Sikio Salama.

Ilikuwa salama kweli. Haikumwibia mtu, haikumsengenya mtu. Kasoro yake ni kwamba ilikuwa haijui Kiswahili cha Muheza. Jirani, Mama Semkiwa, alikuja akilalamika, "Tumbo linaniuma." Simu ikaandika, "Tembo linaniuma." Bi Kidawa akatoka na mchi wa kinu. Siku nyingine Zaituni yuko mezani, akasema, "Mama, leta mchuzi." Simu ikaandika, "Mama, leta mchumba."

Bi Kidawa akamtazama binti yake, akaweka upawa chini. "Mwanangu," akasema, "jambo kama hilo mtu haliombi akiwa na tonge mkononi. Lakini nimekusikia."

Zaituni akakataa, akaeleza, simu ikaandika mengine. Jioni ile ile Bi Kidawa akawapasha habari ndugu wote. Haukupita muda mrefu akaletwa kijana mmoja, Sufiani, wa Handeni, mpole wa maneno na mrefu wa umbo. Zaituni alipomwona aliacha kuzungumzia mchuzi.

Sasa, palikuwa na msichana wa mtaa ule, Mwajabu, aliyesomea kompyuta mjini akarudi nyumbani. Akazisikia habari za tembo na mchumba, akacheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka akaona huruma. Akaenda sokoni, akawarekodi wauza machungwa wakipiga debe, wakigombana, wakisengenyana. Akaifundisha programu yake sauti zile. Akaiita Masikio. Ukiiambia mchuzi, inaandika mchuzi.

Akaipeleka Lango. Lango likasema, "Haipiti."

"Kwa nini?"

"Inasikiliza muda wote, hata simu ikiwa imefungwa na imewekwa rafuni. Na inayatunza yote iliyoyasikia. Hatupitishi programu ya namna hiyo."

"Lakini ni masikio! Sikio la mtu lina kitufe cha kuzima? Bibi akiitwa kwa nyuma, atajuaje?"

"Leo itamsikilizia bibi. Kesho mwingine ataleta kama hiyo, imsikilizie mwizi. Haipiti."

Akaitengeneza upya, akairudisha. Haipiti. Akaandika maombi, akalia kidogo. Haipiti.

Mwajabu akamshika Bi Kidawa mkono, akampeleka kwa Chambuso. Chambuso alikuwa fundi wa simu pale stendi, meza yake chini ya mwavuli. Simu za Lango alizijua kufuli zake. Alizifungua zikakubali programu ya mtu yeyote, iliyopekuliwa na isiyopekuliwa. Hakuwa mtu mbaya. Kabla hajaanza alimtazama Bi Kidawa usoni, akasema kwa heshima, "Shikamoo, bibi. Nisikilize vizuri. Nikishaufungua mlango huu, hakuna askari tena. Askari ni wewe. Weka hii ya Mwajabu tu. Ikija nyingine yoyote, hata ikupambe vipi, usiikubali. Sawa?"

Bi Kidawa, ambaye simu yake ilikuwa bado haijawekwa Masikio, akatabasamu. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Na wewe pia."

Mwajabu alikuwa kainamia waya, hakuona. Chambuso akafungua kufuli. Mwajabu akaweka Masikio. Simu ikawaka, na Chambuso, mtu wa kuhakikisha, akauliza, "Bibi, umenisikia lakini?"

Maneno yale yakajitokeza kwenye kioo, makubwa, meusi, bila tembo wala mchumba ndani yake. Bi Kidawa akayasoma. Akayasoma tena. Machozi yakamtoka.

"Nimesikia!" akapiga kelele, stendi nzima ikageuka. "Nimesikia, mwanangu! Nimesikia!"

"Basi sawa," akasema Chambuso, akachukua simu nyingine.

Tangu siku ile Bi Kidawa akarudi kuwa mtu. Simu aliiegemeza rafuni karibu na kopo la hiliki, na ilikaa hapo hata alipokuwa uani. Alijua sasa kinachochekesha. Alijua pia kwamba wasaidizi wake walikuwa wakisema pilau yake imezidi chumvi tangu augue, akawanyamazisha kwa kuwajibu papo hapo, na mmoja akadondosha bakuli. Siku moja aliiweka simu juu ya mfuniko wa wali, akangoja. Kioo kikabaki cheupe. Akacheka peke yake, akaepua kwa kukisia.

Lakini maneno yale ya chumvi yalimkaa moyoni. Ndipo ukaja ujumbe kwenye simu: "Pilau ya Sultani. Siri za wapishi wa majumba makubwa. Bure." Na picha ya sinia linalotoa mvuke. Pale pale mlangoni ambapo zamani Lango lingesimama, hapakuwa na mtu. Programu ikauliza, "Unaniruhusu kuona majina ya watu wako?" Akabonya Kubali. "Unaniruhusu kusoma yaliyomo?" Akabonya Kubali. "Unaniruhusu kutuma ujumbe kwa niaba yako?" Bi Kidawa akajiambia siri hizi lazima ziwe tamu kweli kwa jinsi zinavyobisha hodi, akabonya Kubali. Ndani akakuta aina moja tu ya pilau, tena ya kuweka ndizi. Akaiacha.

Yenyewe haikumwacha.

Ikafika asubuhi ya harusi ya Zaituni. Sufuria ziko motoni, mbuzi wamechinjwa, turubai limefungwa. Mara simu za watu zikaanza kulia. Ya huyu, ya yule, uani, barazani, msikitini. Pilau ya Sultani ilikuwa imeyazoa yote ambayo Masikio yaliyatunza, ikayatuma kwa kila mtu aliyekuwemo kwenye simu ya Bi Kidawa, na chini yake ikaweka linki ili nao waikaribishe.

Watu wakasoma.

Mume wa Mama Semkiwa akasoma maneno ya mkewe: "Jumamosi nikimwambia naenda matangani, naenda kwa dada kulala. Mzee anakoroma kama mashine ya kusaga." Akavua kofia, akamtazama mkewe, asijue akasirike au aombe radhi.

Msaidizi mmoja, Bi Tunu, akakuta yaliyotumwa ni yale aliyomnong'oneza mwenzake karibu na rafu: dawa anazokunywa kila siku, na jina la maradhi yake, ambalo hata kaka zake walikuwa hawalijui. Hilo hakuna aliyelicheka. Bi Tunu akaendelea kuosha sahani zilizokwisha kuoshwa.

Na Zaituni, hina mikononi, akasomewa na rafiki yake haya, yaliyosemwa na shangazi zake Sufiani siku walipoleta mahari, wakakaa jikoni wakijua mwenye jiko ni kiziwi, na Bi Kidawa mwenyewe yuko uani anapepeta mchele:

"Huyu binti hajui kama ana mwenzake Handeni?"

"Atajulia wapi? Sufiani kamwambia mkewe alikufa."

"Na ile mimba ya huyo mwenzake?"

"Akishaingia ndani atajua mwenyewe. Pitisha sukari."

Zaituni hakulia. Alitoka nje na hina yake, akasimama mbele ya Sufiani. "Ni kweli?"

Shangazi mmoja wa Sufiani akasema simu imekosea, simu hizi zinajulikana kwa kukosea, zinaandika tembo. Lakini aliyekuwa akitafuta viatu vyake ni Sufiani. Harusi ikaishia hapo. Upande wa bwana harusi wakaondoka, mahari ikarudishwa, na uwanjani pakabaki turubai, majirani na pilau.

Mjomba wa Zaituni, Mzee Hemedi, akasimama. "Chakula hakina kosa," akasema. "Tutakula. Lakini mtoto wetu ameokolewa, na aliyemwokoa hatakula kama watu wengine. Kidawa, pakua sinia moja, weka paja zima la mbuzi, tumpe anayestahili."

Bi Kidawa akayasoma hayo. Akapakua. Akalishika sinia kwa mikono miwili, simu kaiegemeza ukingoni mwa sinia, kioo kikimwelekea. Akatazama watu.

Mwajabu akaja mbele. "Sinia ni langu. Nani aliyewasikia wale shangazi? Sikio Salama lingeandika nini? Lingeandika ana mwenzake gereji. Lango lilinikataa, nikahangaika, nikampa bibi masikio, na masikio ndiyo yaliyosikia."

Chambuso akaja mbele. "Sinia ni langu. Masikio yako yalikuwa wapi mpaka nilipofungua kufuli? Yalikuwa kwenye mkoba wako. Na nilionya! Nilisema usiikubali nyingine. Bibi mwenyewe alinijibu amesikia, stendi nzima ni shahidi."

Bwana Mhando akaja mbele, taratibu, akichunga shati lisiguse masizi. "Sinia ni langu. Ile linki imefika kwenye simu za mtaa mzima. Kwenye simu za Lango imefia mlangoni. Zilizoipokea ni zipi? Ni zile alizofungua huyu fundi. Leo mmesoma siri za jiko moja. Kama simu zenu zote zingekuwa wazi, mngesoma za kila chumba. Mwizi kavunja nyumba, katika kuvunja kaangusha shuka, mkaona nyoka kitandani. Sasa mnampa paja aliyemfungulia mwizi mlango?"

"Wewe," Zaituni akamjibu, "programu yako ndiyo iliyonitafutia mchumba. Mimi niliomba mchuzi."

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Bwana Mhando akajitazama viatu.

Mzee Hemedi akakuna kidevu. "Tukisema kweli, maneno yale yalikaa rafuni, hata Kidawa hakuyasoma. Aliyeyaleta kwetu ni yule mwizi wa pilau."

"Basi tumtumie sinia!" akasema mume wa Mama Semkiwa kwa uchungu. "Na mwambieni nimenunua mto mpya."

Bi Kidawa akasema, "Na mimi niliyebonya Kubali, mnanipa nini?" Watu wakalitazama sinia, na kioo kikabaki cheupe.

Ndipo Bi Tunu akaacha sahani. Akaja akasimama karibu, akasema polepole ili simu ipate kila neno. "Sinia silitaki. Zaituni, nimefurahi umeokoka, naapa. Lakini leo kaka zangu wanajua jambo ambalo ningewaambia mwenyewe, siku ninayoitaka. Kidawa, nakupenda. Ila jikoni mwako siingii tena mpaka nijue ni nani anayenisikiliza."

Wanawake wengine wakaitikia. Nao hawaingii.

Bwana Mhando akanyoosha mkono. "Nipe simu, mama. Naifunga sasa hivi. Pilau ya Sultani itatoka."

"Na Masikio?" akauliza Bi Kidawa.

"Yatatoka pia. Mlango ukifungwa, umefungwa. Nitakurudishia Sikio Salama."

"Usimpe, bibi," akasema Mwajabu. "Nitayatengeneza yasitunze kitu."

"Bibi, acha wazi," akasema Chambuso. "Mara hii nitakuandikia onyo kwenye karatasi."

Bi Kidawa akautazama mkono wa Bwana Mhando. Akamtazama Bi Tunu. Akamtazama Zaituni, ambaye alikuwa anasema kitu huku akicheka na kulia, na maneno yake yakawa yanapanda kwenye kioo, moja baada ya jingine, yote yakiwa sahihi. Pilau ilikuwa inapoa, na paja la mbuzi limeshaanza kuganda mafuta.

Haya, nyinyi mliokaa hapa na simu zenu mifukoni, nisaidieni. Sinia lile alistahili nani: aliyetengeneza masikio, aliyefungua kufuli, au aliyelinda mlango? Na ule mkono ulionyooshwa, je, ungekuwa wewe ndiye Bi Kidawa, simu ungempa?