Mwamba wa Kuhe Uitwe wa Nani?

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zenu, maana jipiesi za mkononi, vile vimashine vya kuonyesha ulipo, zilikwisha kuingia Ziwa Tanganyika, palikuwa na mwanamke aitwaye Mwavita. Marehemu baba yake aliwaachia mtumbwi wenye injini, yeye na kaka yake Bilali. Wote wawili, mnasikia? Lakini Bilali alimkalisha nyuma achote maji yaliyoingia mtumbwini, na mshipi wa kuvulia hakumshikisha hata siku moja. "Kiti cha mbele si cha mwanamke," alisema. Mwavita alichota maji huku roho inamchemka.

Sasa, mwalo wao, yaani pwani wanapopakulia samaki, ulikuwa na desturi. Ukigundua mwamba wenye samaki chini ya maji, mwamba unaitwa kwa jina lako, na kiti cha mbele ni chako mpaka ufe. Hakuna wa kukuinua.

Siku moja walizima injini, wakauacha mtumbwi uchukuliwe na maji polepole. Mbele alikaa Kashindi, mvuvi wao wa mshipi. Bilali alishika jipiesi yake. Mara Kashindi akapiga kelele, "Kagonga!" Akavuta, akalegeza, akavuta, mpaka samaki kuhe, mnene, akaangukia mtumbwini. Hapo ndipo Bilali akabonyeza kitufe kuweka alama. Kwao ni mkosi kumwekea samaki alama kabla hajalala mtumbwini.

Wakawasha injini, wakairudia alama, wakashusha mshipi. Patupu. Wakairudia tena. Patupu.

"Huyo alikuwa mpita njia," akasema Bilali. "Twendeni nyumbani."

"Haendi mtu!" akasema Mwavita. "Kashindi alipokuwa anavutana na samaki, sisi tulikuwa tunasogea. Umeweka alama alipotolewa, si alipogonga. Hebu tazama kioo, kaka. Njia tuliyoelea si hiyo imechorwa? Tuifuate nyuma, tupite mwanzo wake, halafu tuelee upya."

"Wewe chota maji."

Mwavita akampokonya jipiesi, akashika mkono wa injini. "Anayetaka nyumbani na aogelee!"

Hakuna aliyeogelea. Akawapeleka juu, kule maji yanakotokea, akazima injini, wakaelea taratibu. "Kagonga!" akalia Kashindi. Papo hapo Mwavita akabonyeza kitufe.

"Mkosi!" Bilali akapiga ukelele, na kweli, mshipi ukakatika, samaki akaenda zake. "Si umeona?"

"Nimeona alipogonga," akajibu Mwavita. Akawarudisha juu tena, wakaelea kuielekea alama ile. Kagonga. Wakarudi, wakaelea. Kagonga tena! Walivua mpaka wakakosa pa kuweka miguu.

Ugomvi ukaanza kabla hawajagusa mchanga.

Bilali akasema, "Jipiesi nilinunua mimi, na kuitumia nilijifunza mimi. Bila mstari wake mngerudi wapi? Mwamba ni wangu."

Kashindi akasema, "Mashine ilihisi nini? Samaki aligonga kidole changu. Nisingelia mimi, kitufe kingebonyezwa kwa sababu gani? Mwamba ni wangu."

Mwavita akasema, "Mmoja alikuwa na mashine, mwingine alikuwa na kidole, na wote wawili mlitaka kwenda nyumbani. Nani alikataa? Nani aliwarudisha? Mwamba ni wangu, na kiti ni changu."

Watu wa mwalo wakabishana mpaka makoo yakakauka. Wengine walisema mwenye chombo ndiye mwenye mwamba. Wengine walisema aliyemhisi samaki. Wengine wakamtetea Mwavita, ila kwa sauti ya chini, maana mama zao walikuwa bado wanachota maji.

Mwavita hakungoja hukumu. Kesho yake asubuhi walimkuta ameketi kiti cha mbele, mshipi mkononi. "Atakayeniinua aje," alisema. Bilali akasimama majini, Kashindi akasimama majini, na mtumbwi ukasimama unawangoja.

Haya, ninyi mliokaa kimya: mwamba ule uitwe wa Bilali, wa Kashindi, au wa Mwavita? Na wewe unayesema si wa Mwavita, uko tayari kuingia majini umwambie ashuke?