Kenge Aliyezaliwa Hivyo

Paukwa!

"Pakawa!"

Kheri, mbona hukuitikia? Ah, nimesahau. Nilipokutuma uoshe masufuria, uliniambia kazi hiyo hukuzaliwa nayo. Labda na kuitikia hukuzaliwa nako. Basi sikiliza tu, mjukuu wangu, usijichoshe.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa wangali wakisalimiana, kuku aitwaye Mtetea alitaga mayai kichakani. Hakuwahi kupata hata kifaranga kimoja, kwa hiyo mayai yale aliyapenda mno. Jirani yake alikuwa Kenge, mama wa heshima zake, hapiti bila kukujulia hali.

Siku moja Mtetea akaenda kunywa maji. Aliporudi, yai moja halipo, na Kenge anajifuta mdomo.

"Jirani, umemla mwanangu!"

"Pole, shoga," Kenge akasema, machozi yakimlengalenga. "Si mimi. Ni ya kuzaliwa. Ndivyo nilivyoumbwa."

"Maskini Kenge!"

Eee, mjukuu wangu Mashavu, mwonee huruma. Maradhi mazito hayo, mgonjwa analala ameshiba.

Kesho yake Mtetea akaenda kutafuta mchwa. Aliporudi, yai jingine halipo.

"Ni ya kuzaliwa, shoga. Hata mama yangu alikuwa hivi. Hata bibi yangu."

"Ukoo mzima wagonjwa!"

Ukoo mzima, Kheri, na wote wanene.

Likabaki yai moja. Mtetea akalilalia huku analia, haondoki, mpaka njaa ikamtia kizunguzungu. Mwishowe akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye kichuguu cha Kenge, akaanza kuchakura. Chaku, chaku!

Kenge alikuwa ameshakifikia kiota, mdomo wazi. Akasikia chaku, chaku! Akageuka mbio.

"Mtetea, acha! Nimefukia mayai yangu humo!"

"Pole, shoga. Si mimi, ni miguu. Umeshaona kuku asiyechakura?" Chaku, chaku!

Yai la Kenge likachomoza kwenye udongo.

"Nakuomba! Sitagusa yai lako tena!"

"Utaweza? Na hayo ya kuzaliwa?"

"Nitaweza!"

"Na ya mama yako? Na ya bibi?"

"Yameisha! Yote yameisha!"

Loo, uganga wa ajabu, wala hakunywa dawa! Mtetea akashusha mguu, akalifukia lile yai polepole. Akasema, "Kumbe hata miguu yangu inasikia ikiambiwa."

Yai lake likaanguliwa. Kenge akawa anapita mbele ya kifaranga akitazama pembeni, anameza mate. Hamu haikumtoka, lakini kifaranga kilikua kikawa jogoo.

Basi, wajukuu zangu, ya kuzaliwa ni pua yako na hayo masikio. Hata hamu yaweza kuwa ya kuzaliwa, sikatai. Lakini mkono unaochukua unakusikia, unaweza kuuambia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Masufuria yanaanzia pale mlangoni, Kheri. Maji nimeshakutekea.