Mguu Mfupi na Njia ya Zahanati

Mtoa kwa mguu mfupi hupita kwa ubavu. Ndivyo mwenyekiti wa mtaa alivyowaambia leo mkutanoni, mlipokuwa mkibishania eneo la soko, nanyi mmekuja kuniuliza mimi Bibi Sikitu maana yake. Mmefika penyewe. Methali hii ilianza hivi, na mguu wenyewe ni huu hapa, msiucheke.

Miaka ishirini na kitu iliyopita, Mikwajuni hii ilikuwa mashamba ya mihogo. Watu wa mjini walipoanza kuhamia, hakuna aliyeleta mpima ardhi. Kiwanja kilipimwa kwa hatua, ishirini kwa ishirini, muuzaji na mashahidi wakitazama. Mnunuzi mjanja hakupima mwenyewe. Alimwita Bwana Lugome, fundi baiskeli, mwenye miguu mirefu kuliko wote. Hatua zake ishirini zilikuwa ishirini na sita za mtu mwingine. Wauzaji walinung'unika, lakini hatua ni hatua. Hata changu alikipima yeye.

Baadaye tukajenga zahanati kwa mikono yetu, huko ndani palipokuwa pamebaki wazi. Ikakosekana njia. Palikuwa na kichochoro cha kupita mtu mmoja tu, basi tukakubaliana kila mwenye kiwanja kandokando yake atoe hatua mbili ili gari lipite. Mkutano mzima ulipiga makofi. Kila mtu akaachiwa apime kwake, kwa kuaminiana.

Siku ya kupima, Bwana Lugome alishinda kibarazani akiziba pancha. Hakuna aliyemwita. Aliyetafutwa nilikuwa mimi, kwa sababu mtu mzima mfupi kuliko mimi hakuwapo mtaa mzima. Wa kwanza kunijia alikuwa Mwinjuma, muuza mkaa, tuliyetazamana naye milango.

"Dada Sikitu, njoo unipimie hatua zangu mbili. Nenda taratibu, usije ukajikwaa."

Nikaenda taratibu. Akaninunulia soda. Wakaja na wengine, nami, wajukuu zangu, nilifurahi. Tangu utotoni ufupi wangu ulikuwa wa kuchekwa. Siku ile ukawa mali. Jioni nikapima na kwangu, taratibu vilevile. Watu wakajenga kuta pale mguu wangu ulipoishia. Mikokoteni ikawa inapita, tukaridhika.

Mwaka haujaisha, binti yangu Mwanaidi akashikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Ilikuwa asubuhi. Nesi wa zahanati alimpima, uso ukambadilika.

"Mama, mtoto amekaa vibaya. Hapa sina la kufanya. Nimeshapiga simu, gari la wagonjwa linakuja."

Gari lilikuja kweli, likasimama barabara kubwa. Dereva akaingia kwa miguu, akaitazama njia yetu, akatikisa kichwa. Ikabidi Mwanaidi abebwe juu ya kitanda na wanaume wanne. Walikwenda vizuri mpaka kati ya kwangu na kwa Mwinjuma, maana hapo ndipo nilipopima taratibu kuliko kote. Hawakuweza kuenea. Wakageuka ubavu, migongo ikisugua kuta, kitanda kikalala upande.

"Mama, naanguka!"

Nilimshika kwa khanga yake. Kiwiko chake kilichunika kwenye ukuta wangu mwenyewe, nami nikauona ukuta ule unamchuna.

Mungu ni mkubwa. Mama na mtoto walitoka salama, ingawa daktari alituambia wazi kwamba tungechelewa kidogo tungezika. Sikuweza hata kushukuru vizuri. Nilikuwa na hasira, na kila nilipomtafuta wa kumkasirikia, nilijikuta mwenyewe.

Niliporudi nikaenda moja kwa moja kwa fundi baiskeli.

"Bwana Lugome, njoo unipimie."

"Unanunua wapi tena, dada?"

"Sinunui. Natoa."

Akaweka spana chini. Akaanzia kichochoroni, akapiga hatua mbili kama zile alizonipimia nikinunua. Ya pili ilitua jikoni kwangu, pembeni ya mafiga. Majirani walikuwa wameshajaa.

"Dada Sikitu," Mwinjuma akasema, "mbona barabara imeingia jikoni kwako?"

"Haikuingia, Mwinjuma. Mimi ndiye niliyeijengea jiko juu yake."

Nikaomba nyundo. Tofali la kwanza nililiangusha mwenyewe, na moyo uliniuma, maana jiko lile nililijenga kwa jasho. Mwinjuma akamwambia Lugome, "Ukimaliza hapo, vuka na kwangu."

Si wote waliokubali siku hiyo. Mzee Chande alikuwa na kibanda chake cha duka ukingoni mwa njia, na jioni akanijia polepole, akinyenyekea, na soda mbili mkononi.

"Dada Sikitu, kwangu nipimie wewe. Ule mguu wa Lugome utanimalizia duka."

Sikuzipokea soda. Nilimshika mkono nikampeleka mpaka pale penye wembamba, kwenye kipande cha ukuta ambacho hakijabomolewa, nikamwonyesha mikwaruzo ya kitanda.

"Hapa ndipo alipopita mwanangu, Mzee Chande. Na wewe una mabinti watatu. Mtoa kwa mguu mfupi hupita kwa ubavu."