Kindi, Kiboko na Unga wa Kungu

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa wapi?

Pakawa ukingoni, kinu kinalia.

Kinamlilia nani?

Kinamlilia mwenye mchi.

Haya, sogeeni.

Hapo kale, ukingoni mwa mto, palikuwa na mkungu mmoja mkubwa. Mkungu mnaujua, majani yake mapana, na matunda yake ndiyo kungu, hizo lozi zetu za huku. Nyama ya juu huliwa na popo. Ndani yake kuna kokwa ngumu, na ndani ya kokwa kuna kiini kitamu chenye mafuta. Katika shimo la mkungu huo aliishi Bi Kindi na wanawe. Kazi yake ilikuwa kuguguna kokwa tangu asubuhi, kre, kre, kre, na jioni kila mtoto alipata kiini chake, akalala.

Mtoni aliishi Kiboko. Kiboko alikuwa akila. Asubuhi ugali, mchana ugali na muhogo, jioni mkate wa ngano, na katikati ya hapo mandazi ya kushikiza roho. Akanenepa hata akipanda ukingo lazima apumzike njiani. Akamwita Yangeyange, yule ndege mweupe, ambaye ndiye aliyekuwa mganga wa mtoni. Yangeyange akamtembea mgongoni huku na huku, akamgonga kwa mdomo hapa na pale, kisha akasema:

"Bwana Kiboko, damu yako imejaa sukari. Acha wanga."

Kiboko akakasirika. "Wanga? Mimi sijapanda ungo hata siku moja. Nani kanisingizia?"

"Si wanga wa kuruka na ungo. Ni wanga wa kwenye chakula. Ugali, muhogo, mandazi, mkate wa ngano. Hivyo viache."

"Na mkate nisile kabisa?"

"Mkate utakula, ila uwe wa unga wa kungu. Kungu hazina wanga mwingi. Kipande kidogo asubuhi, kisha utembee."

Kiboko alisikia "mkate utakula." Hayo ya kipande kidogo na kutembea hakuyasikia.

Akaenda mpaka kwenye mkungu, akalipiga shina kwa kichwa, gu! Kungu zikaanguka, pwa, pwa, pwa.

"Bi Kindi, shuka."

"Labeka, bwana."

"Tangu leo mti huu ni wangu na kungu ni zangu. Wewe utanifanyia unga na kunipikia mkate."

"Na wanangu watakula nini, bwana?"

"Maganda si yapo?"

Kindi akatazama juu. Wanawe walikuwa wametoa vichwa shimoni, wanasikiliza. Akaanza kazi.

Akapasua kokwa, kre, kre, kre. Akaloweka viini katika maji ya moto, akavimenya ngozi, akavianika juani hata vikakauka. Akatwanga kidogo, tu, tu, tu. Akachekecha. Chenga akazirudisha kinuni, akatwanga tena kidogo, tu, tu, tu. Akavunja mayai, akatia chumvi na mafuta ya nazi, akakoroga na unga wake, akamimina sufuriani, moto chini, makaa juu ya kifuniko. Mkate ukatoka mwekundu juu, laini ndani, unanukia mpaka ng'ambo.

Kiboko akafungua kinywa. Hap. "Mwingine."

Siku ya pili, hap. "Mwingine." Siku ya tatu vilevile. Watoto wa Kindi walikuwa wakifyonza maganda. Yule mdogo wao akaacha kutoa kichwa shimoni, akawa amejikunja tu ndani. Kindi alimshika, akaona mbavu zinahesabika. Akakaa naye mapajani muda mrefu. Alipomlaza, alikuwa ameshajua la kufanya.

Asubuhi akamwendea Kiboko. "Bwana, mkate haukutoshi."

"Haunitoshi."

"Ni kwa sababu mimi mdogo. Kwa meno yangu napasua kokwa moja, mguu wako ungepasua kapu zima. Mchi naunyanyua kwa shida. Ungefanya kazi wewe, ungepata unga wa kukutosha."

Kiboko akaona hayo ni kweli, na yalikuwa kweli. Akapanda juu ya kokwa, kwacha, kwacha, kwacha. Kindi akachambua viini.

"Nivimenye, bwana, au nisivimenye? Vikimenywa, unga unakuwa mweupe, mwepesi, mkate unaumuka. Visipomenywa, unga unakuwa wa kahawia, mzito, lakini mwingi."

"Upi mwingi?"

"Usiomenywa."

"Basi usimenye."

Viini vikaanikwa vikakauka, vikatiwa kinuni na ngozi zake. Kindi akasema, "Sasa nakuambia mapema, bwana. Twanga kidogo, chekecha, kisha twanga kidogo. Wako wenye nguvu zao hutwanga mfululizo mpaka unga uwe laini kama poda, lakini wewe usifanye hivyo."

"Kwa nini mimi nisifanye?"

"Unga utaharibika."

Kiboko akamtazama kwa pembe ya jicho. Akajua huyu anataka kumnyima unga laini. Akashika mchi.

Du, du, du. Kinu kikapata moto. Du, du, du. Unga ukaanza kushikana. Kindi akasema, "Bwana, inatosha," na Kiboko akazidisha. Du, du, du. Mafuta yakatoka. Mwisho mchi ukang'ang'ania, na humo kinuni mkawa na kitu cha kahawia, kizito, kinachong'aa.

"Hiki nini?" akauliza Kiboko.

"Wewe unakionaje, bwana?"

"Tope. Mimi nimezaliwa topeni, tope nalijua."

"Basi ni tope. Nikamwage?"

"Kamwage."

Kindi akaenda kumwaga. Alimwaga ndani ya shimo la mkungu, walimokaa wanawe. Wakalamba, wakalamba, na yule mdogo akainuka, naye akalamba.

Kesho yake ikawa vilevile. Kiboko alipasua, kwacha, kwacha, kwacha. Alitwanga, du, du, du. Kindi alisema, "Bwana, inatosha." Kiboko alizidisha.

"Tope tena. Nikamwage?"

"Kamwage."

Na njaa ikimshika Kiboko, alikuwa akila majani ya ukingoni, maana ugali alikatazwa na mkate haukupatikana.

Mambo yakaenda hivyo mpaka siku moja Kiboko alipoinua macho akawaona watoto wa Kindi wamekaa tawini. Mashavu yamejaa, manyoya yanang'aa.

"Bi Kindi. Wanao wanakula maganda, mbona wananawiri?"

Kiboko alikuwa chini ya tawi lile, na kwa kichwa kile angeliangusha mara moja. Kindi akajibu upesi.

"Lile tope, bwana. Linafaa kujipaka. Linalainisha ngozi."

"Kumbe, na ulikuwa ukilichukua kimya kimya?"

"Wewe ulisema kamwage. Nami sikujua kama bwana mkubwa hujipaka."

"Leo halimwagwi. Lote nipake mimi."

Kindi akampaka. Alimpaka mgongo, akampaka tumbo, akampaka hata nyuma ya masikio, pole pole, kama anayempaka bwana harusi. Kiboko akasimama juani ang'ae. Mafuta yakayeyuka, yakadondoka majanini, harufu ikaenea.

Siafu wakaisikia.

Walikuja msururu mmoja mrefu, hawakupiga kelele. Wakampanda miguuni, wakampanda tumboni, wakafika nyuma ya masikio. Hapo ndipo Kiboko alipopiga ukelele wake wa kwanza. Alikimbia ukingoni bila kupumzika njiani, akajitosa majini, chubwi, na alipoibuka alikuwa mbali kule chini mto unakopinda. Hakurudi kwenye mkungu. Alisema mti ule una wanga, na safari hii alikuwa na maana ya wale wa ungo.

Yangeyange akamfuata huko, akamtembea mgongoni. "Bwana, umepungua. Na damu yako ni nzuri. Umefanyaje?"

"Unga wa kungu."

"Ulikuwa ukila kiasi gani?"

Kiboko akafikiri. "Kula sikula. Nilitwanga."

Yangeyange akaruka kwenda kutibu wengine, na kila alikokwenda aliusifu unga wa kungu.

Basi funzo lake ni hili. Ukitaka unga mzuri wa lozi, usimsikilize anayekuambia utwange kidogo kidogo. Twanga mpaka uwe tope, jipake mwilini, kasimame juani. Utapungua, na jirani zako watanenepa.

Ngano imefika. Utamu wake gawaneni, ukavu wake niachieni mimi.