Mkeka wa Bi Kidawa Uliofumuliwa

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ndiyo sauti? Mmeshinda njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, na hao watu wa zamani leo nina hasira nao, palikuwa na kijiji cha wasuka mikeka. Mtoto wa kike akiweza kushika miyaa, yale majani ya kusukia, hupelekwa uani kwa Shangazi Time. Huko ni kusuka ukili, ukanda wa mkeka, wa aina moja tu, huohuo, kutwa kucha. Ukikosea, kifimbo cha vidole. Ta! Ukiuliza, ta! Wasichana wakirudi kwao, hata kuuona ukindu hawataki.

Lakini msichana mmoja, Mize, hakukaa uani. Akiona mkeka umeanikwa, huyo! Fyu, fyu, fyu, anafumua aone mwaa unapita wapi. Siku moja akafumua mkeka wa bibi harusi, ule wenye nakshi ya ua jekundu, na harusi keshokutwa!

Loo! Kijiji kikawaka. Shangazi Time akamkamata mkono.

"Mharibifu mkubwa! Leo vidole hivi navitia kwenye jivu la moto!"

"Shangazi, nilitaka kujua ua linaanzia wapi!"

Akatokea Bi Kidawa, msukaji mkongwe kuliko wote. Meno hana, ulimi anao.

"Mwache! Time, ua hilo wewe wajua kulisuka?"

Time akageuza uso pembeni.

"Nakuuliza wewe, fundi wa kuchapa!"

"Silijui, Bibi."

"Na mimi mikono imekakamaa. Nikifa, limekufa. Anayelitaka ni huyu peke yake, nanyi mnamchoma vidole? Wendawazimu nyie!"

Akaingia ndani, akatoka na mkeka wake wa kuzikiwa, wenye ua lilelile. Akautupa chini, pwaa!

"Fumua."

"Bibi! Utazikwa na nini?"

"Maiti ni wangu, si wenu! Fumua, mjukuu wangu."

Mize akafumua, machozi yanamtoka. Fyu, fyu. Mara akasahau kulia.

"Bibi, kumbe mwaa unapita chini ya miwili!"

"Kisha?"

"Kisha unarudi!"

"Unarudi wapi?"

Mize akacheka. Akasuka, akakosea, akafumua, akasuka tena. Bi Kidawa hakumfundisha neno. Aliuliza tu, na kumfukuza kila aliyesogea na kifimbo. Siku ya harusi, mkeka wa bibi harusi ukatandikwa, ua lake limerudi.

Mize akataka kuusuka upya na ule wa Bibi. Bibi akamfokea: "Thubutu! Uache hivyohivyo, wenzio nao waje wachokonoe." Wakaja, mmoja mmoja, wakicheka. Uani kwa Time wakabaki kuku.

Bi Kidawa alipokufa, alizikwa kwa jamvi, mkeka wa ovyo usio na ua. Watu wakanong'ona, "Aibu! Fundi mzima kuzikwa kwa jamvi!"

Aibu? Mnaijua aibu nyie? Aibu ni kumchapa mtoto anayeuliza! Mtoto akija na swali, macho yanamcheka, mpe kitu chako chema akifumue. Huwezi? Basi mpishe njia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na mwenye kifimbo nyumbani kwake, akakitie mekoni.