Miguu ya Bondeni

Hadithi i mlangoni. Mwaifungulia? Haya.

Palikuwa na arusi kwa Sultani. Wageni wa Bondeni walinawishwa miguu mlangoni, eti wana matope. Wa Mlimani walipita na viatu vyao.

Mize, mkunga wa Bondeni, alinawishwa mara tatu.

Nyuma yake akaja bwana mmoja, viatu vyake vikilia ko, ko, ko, kama kwato za punda. "Natoka Mlimani," alisema.

"Karibu, bwana!" bawabu wa mlangoni alimwinamia.

"Bawabu, mvue viatu huyo," Mize alisema. "Si mtu."

"Wewe wa matopeni!" Bawabu akamfukuza.

Jioni bibi arusi hakuonekana. Chumbani mwake vilibaki viatu vitupu vya yule bwana na alama za kwato.

"Kakagueni miguu ya Bondeni!" Sultani alifoka.

Askari walipofika Bondeni, walimkuta Mize ameinama, anaikagua miguu yake mwenyewe, kama kweli ni ya mtu.

Wewe hapo, mbona nawe unaitazama yako?