Waya Aliousahau Sungura Kuufukia

Zamani, wanyama walipokuwa na umeme na sisi bado tunapuliza kuni, ukame ulikausha mito yote. Kikabaki kisima kimoja kirefu, na pampu yake ilitegemea mashine ya upepo iliyokuwa kilimani. Nyaya zilipita juu ya nguzo. Leo Ndovu kajikuna, nguzo imelala. Kesho nyani wamebembea, waya umekatika. Kiu ikawatesa.

"Basi!" akanguruma Simba. "Mfalme mzima nitegemee mgongo wa Ndovu? Nyaya zipite chini ya ardhi. Nani ataweza?"

"Mimi, Bwana Mkubwa!" Sungura akaitikia, maana kwake kufikiri huja baadaye.

Alichimba hatua kumi, mikono ikamuuma. Akawaza: kilicho chini nani atakiona? Akafukia kipande cha waya kisimani, kingine kilimani, katikati akaparuza udongo tu. Bunda lote la waya lililobaki akalificha pangoni kwake, akalilalia huku akijisifu kwa akili zake.

Siku ya uzinduzi Simba alihutubia weee, akaamuru nguzo zing'olewe, akabonyeza swichi. Pampu kimya. Watoto wa Swala wakaanza kulia.

"Hitilafu hiyo, Mfalme," Sungura akasema upesi. "Nyaya za chini haziharibiki ovyo, ila zikiharibika hujui pa kushika mpaka ufukue njia nzima."

Neno lilipomtoka, akatamani kulimeza.

Simba akamtupia jembe. "Fukua. Fisi, msimamie. Akisimama, ni kitoweo chako."

Sungura akachimba mtaro ule ule alioukwepa. Jua lilimchoma, koo lilimkauka, na Fisi alimfuata nyuma akidondokwa na mate. "Pumzika, ndugu yangu," alimbembeleza. "Kidogo tu. Utaumia bure."

"Mjanja wa nyika ndiye mimi," Sungura alinung'unika, "najitega, najinasa, na jembe nashika mwenyewe!"

Siku ya pili akafika kilimani. Mtaro mzima, waya hakuna, na wanyama wote wanamtazama. Aibu ikamshika.

"Uko kwangu," akakiri. "Nimeulalia."

Ukaletwa, ukalazwa, ukafukiwa. Pampu ikaunguruma, maji yakapanda, wote wakanywa. Sungura akawekwa mwisho wa foleni, mbele yake Kobe.

"Wahenga walisema, Bwana Sungura," Kobe akamwambia, "njia ya mwongo ni fupi."

Sungura akatazama malengelenge yake, akaangua kicheko.

"Ni fupi, mzee wangu, kwa asiyeichimba."